Fisi Kichwa Chini

Reli ilikuwa bado ngeni Dodoma, na mbuzi walikuwa bado wanaikimbia, nilipofika pale kuwa mwalimu msaidizi wa shule ya Mjerumani. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka shule kubwa ya pwani, na nilikuwa na ugonjwa mmoja: kuuliza kwa nini. Kwa nini kengele igongwe kabla watoto wa mbali hawajafika? Kwa nini watoto waimbe herufi mwezi mzima kabla ya kuambiwa herufi zina kazi gani? Mwalimu mkuu, mzee wa pwani mwenye kanzu isiyoshika vumbi hata siku ya upepo, alikuwa na jibu moja kwa yote.

"Kijana, uliza machache, fundisha mengi."

Nyuma ya darasa palikuwa na chumba kidogo chenye kabati la vitabu. Yeye alikiita maktaba. Vitabu vingi vilikuwa vya Kijerumani, na mchwa walikuwa wamevipitia zaidi kuliko sisi. Kimoja tu kilikuwa cha hadithi za Kiswahili. Nikaomba ruhusa niwasomee humo kila asubuhi watoto ambao hawajafikia umri wa darasa, wale waliokuja wakiburutwa mkono na kaka zao. Mzee alikubali kwa sharti: mavuno yakifika, chumba kitajazwa magunia ya mtama wa shule, isipokuwa nimwonyeshe mtoto mmoja, mmoja tu, anayesoma.

Basi nikakaa juu ya sanduku, kitabu magotini, watoto mbele yangu juu ya ngozi ya ng'ombe. Nilipitisha kijiti cha bua chini ya kila neno. Wengi wao walijua Kigogo tu, kwa hiyo Kiswahili chao cha kwanza kilikuwa cha fisi. Walijua kuomba nyama kabla hawajajua kuomba maji. Hadithi waliyoing'ang'ania ilikuwa ya fisi aliyesikia harufu ya nyama njia panda, akataka njia zote mbili, akapasuka.

"Kwa nini asile huku kwanza, halafu arudi?" aliuliza mmoja.

Nikajua nimepata wenzangu.

Wa kwanza kufika kila siku alikuwa binti wa mama aliyeichotea shule maji, mtoto wa miaka sita hivi. Kwa kuwa mama yake alikuja na mtungi mapema, yeye aliwahi nafasi aliyoiona bora kuliko zote: mbele kabisa ya magoti yangu, pua ikikaribia kugusa ukurasa. Siku moja nikaruka neno kwa makusudi.

"Umeruka, Mwalimu."

"Nimeruka nini?"

"Umeruka 'tena'. Si hili hapa?" Akalibandika kidole neno lenyewe.

Nilifurahi mpaka saa ya chakula. Kisha ugonjwa wangu ukanirudia. Kasuku naye angejua mahali pa 'tena', akisikia hadithi ile ile mara arobaini.

Mtama ulipoanza kushika punje, mama yake alitua mtungi mlangoni.

"Mwalimu, ndege wanaumaliza mtama wangu, na wa kuwafukuza ni huyu. Niambie kweli. Anasoma au anacheza?"

"Anasoma, mama," nilisema haraka, kama mtu asiye na hakika.

"Haya. Kama anacheza, akacheze na ndege."

Wiki za mavuno zikafika. Mwalimu mkuu aliingia maktaba, magunia mawili matupu begani, kanzu nyeupe kama kawaida. Mama alisimama mlangoni na mtungi wake. Nikampa mtoto kitabu. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza juu chini, akaanza kusoma.

Miguu ya fisi ilikuwa juu. Watoto wote wakacheka. Mzee akacheka kuliko wote.

"Bwana Kwa Nini! Mwanafunzi wako anazisoma herufi nyayo! Huko ni kukariri tu."

Mtoto hakujali. Alimfikisha fisi njia panda, akampasua, akafunga kitabu. Mama alianza kumwita kwa mkono. Mimi nilitazama sakafu. Kumbe ni kasuku kweli, nikajisemea.

Mzee, kwa kumaliza utani, akatoa mfukoni tangazo la boma lililofika asubuhi ile, ambalo hata mimi sikuwa nimeliona. "Haya, bibi mdogo. Soma na hili."

Mtoto akaligeuza nalo juu chini. Kidole chake kikaanza upande wa kulia, kikatambaa kwenda kushoto.

"M... mbwa. Mbwa wo-te wa-fu-ngwe ka-mba." Akainua uso kwa mama yake. "Hata wetu?"

Hakuna aliyecheka. Nikaitazama ile nafasi yake mbele ya magoti yangu, na hapo ndipo nikaelewa. Muda wote ule, mimi na maswali yangu yote, sikuwahi kujiuliza kitabu kinaonekanaje kutoka upande wake.

Mwalimu mkuu alikuwa bado anakitazama kile kidole. "Kulia kwenda kushoto," alisema taratibu. "Kama chuoni, kwenye Kurani." Kisha akajikuna kidevu. "Tulikuwa na msahafu mmoja, watoto kumi na wawili. Mimi nilikaa mbele ya magoti ya mwalimu wangu. Mpaka leo nikisoma kichwa chini nakwenda mbio zaidi. Usimwambie mtu."

Akayachukua magunia yake. Mtama wa shule ulilala barazani kwake mwaka ule. Mama naye alijitwisha mtungi bila kumwita mtu, akiuliza njia nzima kamba ya mbwa itatoka wapi.

Kesho yake nilimpa mtoto sanduku na kitabu, nikamwomba asikigeuze, nikakaa mimi kwenye ngozi, mbele ya magoti yake, nijaribu kusoma kutoka kule. Fisi alinichukua asubuhi nzima kufika njia panda.

"Umeruka, Mwalimu," alisema, akanirudisha mwanzo wa mstari.