Bakuli la Mama Edmund

Bi Chiku alipanda basi pale Nyololo amepakata bakuli la bati lililofungwa kwa kanga, limejaa mchele wa Usangu mpaka ukingoni. Rafiki zake wawili, Yudith na Matilda, walishazoea vituko vyake, lakini hiki kiliwashinda.

"Bi Chiku, tunakwenda Iringa kutembea, tukaone boma la Wajerumani," Yudith akasema. "Mwenzetu unahama?"

"Nina chombo cha watu," akajibu, na safari nzima akawahadithia.

Mwaka hamsini na nne yeye na mumewe walitoka pwani kwenda Mbeya kufungua duka, lori likawaharibikia Iringa. Walilala siku tatu kwenye baraza ya nyumba moja nyuma ya soko, na mtoto wao wa mwaka mmoja, Mwanakhamisi, anachemka kwa homa, hataki kula wala kunyonya. Mwenye nyumba, mwanamke wa Kihehe aliyeitwa Mama Edmund, akaja na bakuli la uji mwepesi wa ulezi, asubuhi na jioni, akimnywesha kijiko kwa kijiko mpaka mtoto akafumbua macho. Siku ya nne dereva akapiga honi, watu wakalikimbilia lori. Walipofika Igawa ndipo Bi Chiku alipofungua furushi lake, akalikuta bakuli.

Kwao alikolelewa, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hiki hakikurudi kabisa, miaka ishirini na mmoja! Mwanzoni alikosa nafasi, baadaye akapata aibu, na aibu ikikaa inazaa. Hata alipofiwa na mumewe, akahamia Nyololo kuuza chai na maandazi kando ya lami mpya, hakukosa sababu ya kutokwenda. Hofu yake ilikuwa moja: huenda Mama Edmund alishakufa, akimhesabu kuwa mwizi. Shukrani ya punda ni mateke, na punda mwenyewe ndiye yeye.

Iringa walikwenda kwanza bomani. Matilda akapapasa kuta za mawe na kushangaa unene wake. "Hawa walijenga kama watu wasiokuwa na kwao," Yudith akasema, wakacheka. Bi Chiku hakuona boma wala nini. Alikuwa akiwaza saa tisa, saa ya basi la kurudi.

Nyuma ya soko baraza ilikuwepo, lakini sasa alikaa hapo fundi cherehani. "Mama Edmund? Alihama zamani," akasema. "Kama yu hai, mtafuteni mtaa wa Mlandege."

Kwa hilo "kama", Bi Chiku akalitua bakuli barazani. Rafiki zake walikuwa wamepanga kwenda kupiga picha studio, na kwa ajili hiyo walivaa kanga za sare. Matilda akalichukua bakuli, akajitwika. "Picha haikimbii," akasema. "Twende."

Waliuliza nyumba hadi nyumba, mpaka wakamkuta bibi mmoja uani, anachambua maharage. Bi Chiku akafungua kanga. Yule bibi hakumtazama usoni, alitazama bakuli.

"Bakuli la mama mkwe wangu!" akasema. "Alinisema mpaka anaingia kaburini, kwamba nimelipeleka kwa ndugu zangu."

Bi Chiku akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Nisamehe, mama. Ni mimi, yule wa lori..."

"Hebu nyamaza kwanza." Mama Edmund akamshika mkono. "Bakuli ni bati tu. Mtoto je? Mliondoka bado ana homa. Mimi miaka yote hii najiuliza, yule mtoto alipona?"

Bi Chiku hakulitegemea swali hilo. "Alipona, mama. Anafanya kazi Uyole, kwenye utafiti wa kilimo. Ana watoto wawili."

Bibi akacheka, akafuta macho kwa upindo wa kitenge, akaanza kumshukuru Mungu kwa Kihehe, kwa sauti, mpaka majirani wakachungulia. Bi Chiku naye akashukuru, kwa Kiswahili cha kwao. Moyo wake haujapata kuwa mwepesi vile tangu ujana wake.

Saa tisa ikakaribia. Mama Edmund akamimina mchele kwenye ungo, akaingia ndani na bakuli, akarudi nalo limejaa unga wa ulezi.

"Lakini mama, nimelirudisha!" Bi Chiku akasema.

"Umerudisha, nimepokea. Huu mpelekee Mwanakhamisi," Mama Edmund akasema. "Na bakuli aje alirudishe mwenyewe, nimwone."