Kikopo Chenye Jina Langu

Nilikuwa mjumbe niliyepita nyumba kwa nyumba hapa Mikumi kuwahimiza watu wajiunge na utafiti wa saratani ya utumbo. Kila aliyejiandikisha alipewa kikopo chenye jina lake, akirudishe kesho yake kikiwa na choo kidogo. Mimi mwenyewe nilijiandikisha, lakini ilikuwa siku ya pili sijapata choo. Nikaona aibu kurudisha kitupu, nikamwomba shemeji yangu Hamisi, aliyekuwa amegoma kujiandikisha, anijazie.

"Ama kweli uongozi kazi," akacheka, akaelekea msalani.

Juzi daktari mtafiti alikuja mwenyewe kutoka Kilosa. Ni binti mdogo, lakini alituamkia mmoja mmoja, mimi na Hamisi tukinywa chai, kisha akaomba mimi na yeye tuongee pembeni.

"Sema tu, huyu ni shemeji," nikamwambia.

"Baba, tumeona damu. Huenda si saratani, ila tukutazame utumbo mapema."

Hamisi akaweka kikombe chini. "Mwambie, shemeji."

Nikamwambia. Daktari hakunifokea wala hakucheka. Alimgeukia Hamisi, akamweleza polepole kipimo cha utumbo. Ndipo akatoa kikopo kipya, akaandika jina langu.

"Hiki, baba, ujaze mwenyewe."