Oliva alidhani ni ada ya mlima

Alfajiri hii Newala, ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma na kuimeza njia yote. Inatangulia kuonekana ndoo, kisha Oliva chini yake, anakuja taratibu kama mtu anayeelea.

"Shikamoo, Mama Silvano," namsalimia.

"Marahaba. Nipishe kwanza, shingo haigeuki!"

Mwaka wa tisa sasa anateka maji kwenye chemchemi bondeni na kuyapandisha mjini kuwauzia watu. Kule chini hanywi, maana tumbo likijaa maji mlima haupandiki. Njiani nako hagusi ndoo hata koo likauke vipi.

"Yale ni ya mteja. Nikinywa, nimemwibia," anasema.

Basi mwili unauma. Shingo, mgongo, misuli ya miguu inakaza usiku hadi anauma kanga. Wanawake wa njia hii huyaita maumivu hayo ada ya mlima, na kila mtu analipa, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Masika iliyopita maumivu yalibadilika. Yaliingia kwenye viungo, yakakaa nyuma ya macho. Ukungu ukawa kama unamwimbia, ndoo ikawa nyepesi kama unyoya. Oliva akafurahi, akajua mwili umezoea.

Mwenzake, Ziada, alimshika mkono ili amsaidie kutua.

"Mama Silvano, unaungua!"

"Jua hilo."

"Jua gani na ukungu huu? Twende zahanati, usinitanie mie."

Alipopimwa, ilikuwa malaria. Muuguzi alimwambia mzigo unaumiza, na kushinda na kiu kunaongeza maumivu. Ila mwili ukiuma wote na homa ikawepo, asiusingizie mzigo, awahi kupimwa.

"Ningelala nisiamke," Oliva anasema nyumbani kwake, akimwangalia mwanawe Silvano anayevaa viatu vya shule. "Wangesema ndoo imemuua, wakanizika, basi."

Kina mama, tusizoee kila maumivu.

Siku hizi Jumapili hapandi mlima. Anawaza kuweka mfereji kwenye bati lake na tenki chini yake, mvua zijazo zimletee maji hadi mlangoni.

Kwa sasa ana chupa ya maji aliyoifunga kiunoni kwa kanga. Kwenye kona anatua ndoo, anafungua chupa, anakunywa hadi kidevu kinalowa.

"Haya ni yangu," anasema, na ukungu unamchukua tena.