Mikono Juu Baada ya Kuanguka

Jumamosi Bi Ardis Tollefson hakaliki. Siku nyingine, ukiacha darasa lake la wadogo la Jumatatu, utamkuta kanisani, dukani, au nyumbani kwake akifuma soksi kama wajane wenzake, lakini Jumamosi, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, yeye ni kiguu na njia ndani ya ukumbi wa jimnastiki wa Vesterby, na ole wako umwambie apumzike. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa msimamizi wa sherehe na wa saa za mchezo huru. Katikati ya juma ukumbi ni wa makocha, na watoto hujipanga wakatii. Jumamosi mlango hufunguliwa kwa kila mtoto mwenye miguu miwili na fomu iliyotiwa saini na mzazi, na hapo hakuna cha kujipanga wala cha kutii. Hao wote ni mzigo wa Bi Ardis.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya Februari, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, baridi ya kumfanya mzazi yeyote mwenye akili atafute paa lolote la kuwaacha wanawe chini yake. Ndani kulikuwa na sherehe ya Hattie Skoglund, aliyekuwa anatimiza miaka minane, na wageni wake, jumla kumi na saba, kila mmoja na utepe wa kijani mkononi. Nje, kwenye korido, watoto wengine arobaini walikuwa wanasubiri mchezo huru wa saa saba, wamevaa makoti na mabuti ya theluji, wanatoka jasho. Keki ilikuwa haijakatwa. Saa ya ukutani ilisema saa sita na nusu.

Bi Ardis alihesabu vichwa. Kumi na saba. Akazunguka boriti ya mazoezi, akahesabu tena.

"Wewe, soksi! Vua, utateleza."

"Bi Ardis, naomba niruke na kaka yangu."

"Trampolini ni mtu mmoja mmoja. Kaka yako hakukimbii, mnalala chumba kimoja."

"Ananikoromea."

"Basi furahi umepumzika naye. Rudi kwenye mstari."

Bev, mama wa mapokezi anayekagua fomu, akachungulia mlangoni. "Bi Ardis, huku wanachemka."

"Waambie wavue makoti."

"Wakivua watadhani wameruhusiwa kuingia."

"Basi wachemke."

Miongoni mwa wageni wa Hattie alikuwamo Maren Brekke, binti wa miaka kumi, mwembamba, mwenye nywele zilizosukwa zikabana kichwa mpaka nyusi zimepanda. Maren hakuwa mtoto wa Jumamosi. Alikuwa kwenye timu, na Jumamosi iliyofuata timu ilikuwa na mashindano ya jimbo. Mama yake, Joleen, ndiye kocha mkuu, maana yake ndiye bosi wa Bi Ardis, ingawa Bi Ardis, kabla hata hajapewa Jumamosi, ndiye aliyemfundisha Joleen huyo huyo kubingirika alipokuwa na miaka minne. Siku hiyo Joleen alikuwa amekaa nyuma ya kioo cha ofisi, anakunywa kahawa na mama yake Hattie.

Upande wa kaskazini wa ukumbi kuna trampolini ndefu inayoishia kwenye shimo kubwa lililojazwa vipande vya sponji. Watoto hukimbia juu ya ile trampolini, wakaruka, wakazama kwenye sponji, wakapanda kutoka. Sheria ya sherehe ni moja: miguu kwanza, hakuna kujipindua, hata uwe bingwa wa dunia. Lakini watoto ni watoto.

"Maren, fanya ile ya kujipindua mara mbili! Fanya basi, au unaogopa?" wenzake wakamchokoza.

Bi Ardis alikuwa upande wa pili anamshusha mtoto aliyenasa kwenye kamba. Sponji ikimmeza mtoto hutoa sauti ya pumzi, na sauti hiyo ameisikia mara nyingi mno hata haisikii tena. Safari hii alisikia kishindo kifupi, cha mwili na godoro la ukingoni. Akageuka. Shimo lilikuwa kimya. Moja, mbili, tatu. Kisha kichwa cha Maren kikatokeza, akapanda taratibu, akasimama ukingoni, miguu pamoja, mikono yote miwili juu, tabasamu hadi masikioni.

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Hapa lazima niseme jambo. Katika jimnastiki mtoto hafundishwi kuruka kwanza, hufundishwa kuanguka. Kila Jumatatu Bi Ardis mwenyewe huwaambia watoto wa miaka mitatu: ukianguka, simama, miguu pamoja, mikono juu, tabasamu. Na wenzake yule aliyeanguka wote hupiga makofi. Inapendeza kuliko unavyodhani. Kitoto kimepiga kidevu chini, machozi yamejaa, kinanyanyua mikono kama mfalme na machozi yanarudi yalikotoka. Vizazi viwili vya Vesterby vimelelewa hivyo, na ndiyo maana ukimkuta mtu wa kwetu gari lake limepinduka mtaroni atakwambia hapana shida.

Bi Ardis naye akapiga makofi. Mikono ilitangulia akili.

"Maren, uko sawa?" aliuliza kutoka alipokuwa, mita ishirini, sauti juu ya muziki.

"Niko sawa, Bi Ardis!"

"Najua umejipindua. Ukirudia ujinga huo utamaliza sherehe benchi."

Akaenda kutafuta kiberiti cha mishumaa.

Lakini machale yalimcheza. Alikipata kiberiti, akakiweka, akakisahau alipokiweka. Akahesabu vichwa: kumi na saba. Akaenda korido, akamwambia Bev kitu, akarudi bila kujua amemwambia nini. Kile kishindo kilikuwa hakijamtoka masikioni. Ila binti alinyanyua mikono, mikono yote miwili, na alisema yuko sawa. Sasa ufanye nini, umwite mtoto wa kocha mkuu mwongo mbele ya wageni? Akahangaika kama kuku anayetaka kutaga, mara mezani, mara dirishani, mara tena mezani, hata mama yake Hattie alipotoka ofisini kuja kuwasha mishumaa akamuuliza kama anaumwa tumbo.

Ndipo akamwona Maren amerudi kwenye mstari wa trampolini. Hattie alimwita kutoka nyuma, aje kwenye keki. Maren aligeuka kumtazama, lakini hakugeuza kichwa. Aligeuka na miguu, na kiuno, na mabega, mwili mzima kwa pamoja, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

Bi Ardis akauvuka ukumbi. Hakukimbia, kwa kuwa mtu mzima akikimbia watoto nao hukimbia. Alifika, akamtoa Maren kwenye mstari kwa kumzibia njia tu, bila kumgusa, akamwambia aegemee magodoro yaliyopangwa ukutani, kisha akapiga magoti mbele yake. Magoti ya miaka sitini na mmoja yakalia.

"Maren. Uko sawa?"

"Niko sawa."

"Sijakuuliza kama unaweza kuruka. Panauma wapi?"

Binti akatazama dirisha la ofisi, kisha chini. "Hapaumi sana. Ni vidole tu. Vimekufa ganzi."

"Vya mkono gani?"

"Huu. Na huu kidogo."

Bi Ardis akainua mikono yake akakishika kile kichwa pande zote mbili, viganja juu ya masikio, polepole kama anayeshika yai lililopasuka. "Usitingishe kichwa. Ukitaka kunijibu, jibu kwa mdomo. Bev! Zima muziki, piga simu, ita ambulensi. Sema ni shingo ya mtoto."

Muziki ulipokatika watu wote wakageuka. Joleen alifika akiwa bado na kikombe mkononi. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini na tabasamu la kuwatuliza wazazi:

"Bi Ardis, tafadhali usimwage mtama penye kuku wengi. Twende naye ofisini."

"Haendi popote."

"Ni mwanangu. Namjua. Angeumia angesema."

"Amesema."

"Ana wasiwasi wa mashindano, basi. Wiki nzima hali, halali. Mwachie kichwa, unamtisha."

"Joleen, sitoi mikono."

"Mimi ndiye kocha mkuu hapa."

"Najua. Nifukuze Jumatatu."

Joleen akanyooka. Wazazi walikuwa wanatazama, na katika mji wetu kutazamwa ni adhabu tosha. "Maren," alisema, sauti imekakamaa, "mwambie Bi Ardis uko sawa."

"Niko sawa, mama," Maren alisema, na kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa, akaweka miguu pamoja, akatabasamu, akanyanyua mikono.

Wa kulia ulipanda ukanyooka. Wa kushoto ulifika kiunoni, ukatetemeka, ukashuka. Maren akautazama kwa pembe ya jicho kama mkono wa mtu mwingine. Akajaribu tena. Haukufika hata kiunoni.

Hakuna aliyepiga makofi. Kikombe cha Joleen kilimwagika chote juu ya godoro, naye hakukiona. Akapiga magoti kando ya Bi Ardis, akasema, "Nifanye nini? Niambie nifanye nini."

"Mshike mkono. Ongea naye. Usimsogeze."

Bev alipokea maelekezo kwenye simu akayatangaza: kama hadondoki, asisogezwe, aachwe vile vile hadi wafike. Dakika kumi na tano, barabara ina barafu. Kisha akaenda korido kuwatangazia wale arobaini kwamba leo hakuna mchezo huru. Kwa kuwa ni watu wa Vesterby hakuna aliyelalamika kwa mdomo. Walifunga tu kamba za mabuti kwa muda mrefu ajabu. Watoto wa sherehe walikaa chini kimya kuzunguka keki, mishumaa ikaungua yenyewe hadi kwenye sukari.

Dakika kumi na tano. Kwa mwanamke asiyekalika Jumamosi, hiyo ni karne. Mabega yaliwaka moto, pua ilimwasha, na kila alipotaka kubadili goti alikumbuka kilichopo katikati ya viganja vyake. Aliogopa. Nalisema wazi maana yeye mwenyewe hulisema: aliogopa kuliko siku aliyopigiwa simu ya kifo cha mumewe, kwa sababu siku ile jambo lilikuwa limekwisha, na hili lilikuwa bado linaendelea chini ya vidole vyake, moto, na mapigo ya damu yakienda mbio.

"Bi Ardis," Maren alisema, "unatetemeka."

"Si mimi, ni wewe."

"Mimi sitetemeki."

Ni kweli, hakuwa anatetemeka. Bi Ardis akabana viwiko mbavuni hadi vikatulia.

"Nimeharibu sherehe ya Hattie."

"Hattie ana keki nzima peke yake. Atakuombea uvunjike kila mwaka."

Joleen akacheka na kulia kwa pamoja. Maren alitaka kucheka pia, Bi Ardis akamkataza.

Ambulensi ilileta wanaume wawili na mwanamke mmoja, wakamvika kola ngumu ya kushikilia shingo, wakamfunga kwenye ubao akiwa bado amesimama, ubao ukainamishwa naye taratibu mpaka chini, jambo ambalo lingekuwa zuri kulitazama siku nyingine. Mwanamke yule ndiye aliyeondoa mikono ya Bi Ardis, kidole kimoja kimoja, maana ilikuwa imeganda.

Hospitali ya mji mkubwa ilimweka Maren siku nne. Mfupa mmoja wa shingo ulikuwa na ufa, na uvimbe ulikuwa umebana mishipa ya mkono wa kushoto. Jumapili jioni vidole vikaanza kuchezacheza. Kola angeivaa majuma kumi na mawili. Kuhusu mashindano, na kuhusu jimnastiki yenyewe, hakuna aliyeuliza, na daktari hakujitolea kusema.

Bi Ardis hakulala vizuri usiku wa Jumamosi wala wa Jumapili, na si kwa sababu ya mabega. Lililomkosesha usingizi ni yale makofi. Jumatatu, kwenye darasa la wadogo, alisimama mbele ya watoto tisa wa miaka mitatu, akafungua mdomo awaambie la kila siku, likakwama. Akawaimbisha na kuwatembeza kwenye mkeka mpaka saa ikaisha. Jumanne akaendesha gari kilomita tisini kwenda hospitali.

Joleen alimpisha mlangoni. Alikuwa hajachana nywele. "Jumatatu imepita," alisema, "na sijakufukuza."

"Nimeona."

"Nilimwambia anyanyue mikono, Bi Ardis. Nilimwambia mimi mwenyewe."

"Na wewe nani alikufundisha?" Bi Ardis akasema, akapita ndani.

Maren alikuwa kitandani, kichwa kimenyooka ndani ya kola, mkono wa kushoto juu ya mto. Bi Ardis alizunguka kitanda mara mbili, akanyoosha shuka iliyokwisha kunyooka, akasogeza jagi la maji, akalirudisha.

"Nisamehe," alisema mwishowe. "Nilikuuliza nikiwa mbali, halafu nikaondoka."

"Nilitaka kukwambia pale pale," Maren alisema. "Ila watu wote walikuwa wanapiga makofi, na wewe pia. Nikasema moyoni, akija kuniuliza karibu, nitamwambia."

"Na nisingekuja?"

Binti hakuweza kugeuza shingo, kwa hiyo alimtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Nilikuwa wa tatu kwenye mstari," alisema. "Ningeruka."