Kadi ya Televisheni na Jani la Sale

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiiwaza natabasamu peke yangu, watu wakadhani nimeanza kuzeeka vibaya. Kaa nikusimulie, na usinikimbize.

Enzi hizo nilikuwa msichana mwenye kiduka cha kuchapa na kutoa fotokopi Kiboriloni. Nyumbani kwetu Uru hatukuwa na televisheni, ila nilipata kadi ndogo ya kupachika ndani ya kompyuta. Ukiichomekea waya wa antena, kioo cha kompyuta kinageuka televisheni. Tena inarekodi, na hilo la kurekodi ndilo lililokuwa na maana kwangu, kwa sababu ya mama.

Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kigango chetu, na wimbo mmoja aliuongoza yeye. Watu wa televisheni walikuja wakawarekodi. Muda mfupi baadaye mama alifanyiwa upasuaji wa uvimbe shingoni. Alipona, lakini sauti haikurudi, akabaki wa kunong'ona tu. Kisha tukatangaziwa kanisani kwamba wimbo ule utaonyeshwa Jumapili ijayo alasiri, mara moja basi. Mama alinitazama. Nilijua kwamba nisipounasa siku hiyo, hatajisikia tena akiimba maishani mwake.

Jumapili yenyewe, tulipotoka misa, niliunganisha kila kitu sebuleni. Kiooni chenga tupu, hakuna picha. Nyumba yetu iko bondeni, na mgongo wa kilima unatukinga na mitambo ya mjini. Nikafunga antena kwenye mti mrefu, nikaunga mti mwingine, nikapanda juu ya bati, baba akinishikia ngazi huku ananisimanga. Chenga zikabaki chenga. Bibi, mama yake baba, alikuwa barazani akimenya ndizi za mtori, akanitazama mpaka akachoka.

"Shuka huko, mjukuu wangu," alisema. "Pale kwa Aloyce unaiona Moshi yote mpaka Kahe. Kwa nini hamwendi huko?"

Mzee Aloyce, jirani yetu wa juu mgongoni, alikuwa hasemezani na baba kwa miaka. Waligombania mpaka. Kila mmoja alidai mwenzake amesogeza masale, ile mimea tunayoipanda kutenganisha kihamba na kihamba, yaani mashamba yetu ya ukoo. Hata kanisani walikaa pande tofauti.

"Mama, mimi ndiye niliyeonewa," baba alisema.

"Sijakuuliza nani kaonewa," Bibi akamjibu. "Nakuuliza kama unataka mkeo ajisikie akiimba."

Wewe umekulia mjini, hivyo nikueleze. Kwetu, ukimwendea mtu na jani la sale lililofungwa fundo, unaomba yaishe, naye hana ruhusa ya kukataa. Ndiyo maana wenye kiburi hawalishiki. Baba alimtazama mama, kisha akaenda mpakani na kukata jani kwenye mstari uleule waliougombania. Alilifunga fundo, nami nikamfuata.

Tulimkuta Mzee Aloyce akilisha ng'ombe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, macho yake yako kwenye jani. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Umenitangulia," alimwambia baba. "Mimi lilinishinda kwa aibu tu."

Baba akacheka, na nikaona mabega yake yameshuka. Wazee wale wawili waliibeba kompyuta yangu wenyewe kupita migombani, mmoja kioo, mwingine boksi lake, wakibishana nani atajikwaa kwanza, mama na Bibi wakiwafuata nyuma. Tukafunga antena nje ya sebule ya Mzee Aloyce, na picha ikaja safi kabisa.

Wimbo ulipoanza nilibonyeza kurekodi. Akatokea mama, na sauti yake ikajaa nyumba ile. Mama mwenyewe alikaa kwenye kochi katikati ya Bibi na mke wa Mzee Aloyce, midomo yake ikienda pamoja na wimbo. Ulipoisha, watu wote walinigeukia. Nikaufungua tena, ukaimba kama mwanzo.

"Rudia," mama alininong'oneza.

Nilirudia mpaka majirani wakajaa uani na pombe ya mbege ikatolewa. Tulishinda siku ile, mwanangu, tulishinda kabisa. Mama ameshatangulia, lakini wajukuu ambao hakuwahi kuwaona wanaijua sauti yake.

Basi sikia. Jifunze mitambo ya siku zako, usiiogope, inafanya mambo makubwa. Ila jambo likikugomea, usidhani kila mara kilichopungua ni chombo. Tazama kama kuna mtu uliyeacha kumsalimia, umwendee wewe kwanza, hata kama haki ni yako. Ruwa, Mungu wetu, akupe miguu myepesi ya kwenda kupatana, akupe na majirani wa kukupokea, na unaowapenda wakusikie ungali unayo sauti ya kuwaita.