Nyumbani Kwetu Kichwa Hakiumi

Msomaji wa upande wa Kabambare ametuomba tusitaje jina lake wala la kijiji chake. Hayo tumeyaficha, mengine yote ni maneno yake mwenyewe.

Wasomaji wenzangu, salamu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mitatu, mke wa mkulima wa pamba. Kusoma na kuandika nilifundishwa na masista wa Kasongo kabla sijaolewa, na leo ndiyo mara ya kwanza nafurahi kwamba mume wangu hajui kusoma. Nimechoka, jamani. Nimechoka na watu wa nyumba hii, na nisipoyasema haya mahali nitapasuka.

Miaka ya nyuma walipita kijijini waganga wa malale, ule ugonjwa wa usingizi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliulizwa kama kichwa kinamuuma. Akajibu ndiyo. Wakampapasa shingo, wakamdunga sindano ya mgongo, wakampeleka lazareti, hospitali ya kuwatenga wagonjwa. Malale yaliisha, lakini dawa ilimharibu macho, na leo anashikwa mkono hata kwenda chooni. Tangu hapo neno kichwa likawa mwiko, si kwetu tu, kijiji kizima. Mtoto akijua kusema tu anafundishwa: mganga akikuuliza kichwa, jibu hapana. Sisi wenyewe tukiumwa tunasema jua limetupiga. Hata mvua ikinyesha tangu asubuhi utaambiwa fulani amelala ndani, jua limempiga.

Sasa yakaja haya mafua makubwa ambayo tunasikia yamezunguka dunia nzima. Watoto na vijana ndio walioumia zaidi. Nyumba kwa nyumba walilala na homa, wameshika vichwa, wanalia jua, jua. Serikali ikamtuma infirmie, mganga kijana kutoka Kasongo, na kopo la vidonge. Sindano hakuwa nayo hata moja. Kapita, msimamizi wa kijiji, akawapanga watoto mstari, na yule kijana akaanza kuuliza mmoja mmoja.

"Kichwa iko inakuuma?"

"Hapana, muganga!"

"Na wewe?"

"Hapana, muganga!"

Mtoto wa jirani alikuwa amefungwa kitambaa kwenye paji la uso kwa maumivu, naye akajibu hapana. Infirmie akafurahi kweli. "Watoto ya kijiji hii iko na nguvu sana! Kwingine wote wanalia kichwa." Akafunga kopo lake, akapanda baiskeli, akaenda zake na vidonge vyetu. Nilitaka kumkimbilia, mama mkwe akanivuta nguo. "Unataka wamuharibu macho na huyu mutoto?" Watu wakacheka eti tumemweza mganga. Mimi sikuona cha kucheka.

Mtoto aliyesemwa ni binti yangu wa kwanza. Nitamwita Anjela, ingawa si jina lake. Ana miaka kumi na mitatu. Mafua yalimwisha, wenzake wakarudi shuleni, lakini yeye kichwa kimebaki pale pale. Mchana hawezi kutazama mlango ulio wazi. Mwalimu wake anasema ni uvivu wa wasichana wanaoanza kukua. Mama mkwe anampaka majani na kuniambia, "Ni jua tu, itashuka." Jua gani hilo lisilozama? Na siku hizi Anjela anasinzia tonge likiwa mkononi, halafu usiku hapati usingizi. Shemeji yangu naye alianza hivyo hivyo. Labda ni mabaki ya mafua. Labda ni malale yenyewe, na malale tunayajua, mtu asipotibiwa anakufa.

Kapita ametangaza kwamba waganga wa malale wanarudi baada ya soko lijalo. Nikamwambia mume wangu safari hii nitasema ukweli. Akanigeukia kwa hasira.

"Mama Anjela, mudogo wangu iko pale ndani, anapapasa ukuta. Ukifungua kinywa, urudi kwenu kule Wamaza. Mutoto anabaki hapa."

Nikamjibu, "Baba Anjela, mudogo wako haoni, lakini iko anakula na sisi. Wale walikimbia sindano, wakajificha ku pori, wako wapi leo?"

Alichukua jembe akatoka. Nikamfuata shemeji mwenyewe, nikamwomba aseme neno. Akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, mimi niko muzima, sikufa. Lakini usiniulize hii mbele ya kaka." Hebu niambieni, msaada gani huo? Wote wanaogopa, na woga wao wote wameutwika mtoto wangu.

Kinachoniuma kuliko yote ni yeye mwenyewe. Juzi nilimkuta nyuma ya jiko, ameinamisha kichwa katikati ya magoti, machozi yanamtoka. Nikakaa naye chini, nikamuuliza taratibu, "Mwanangu, kichwa iko inauma?" Akajipangusa uso haraka, akanitazama kama anavyotazamwa mtu wa serikali.

"Hapana, mama."

Mimi! Mama yake niliyemzaa!

Nikisema, nafukuzwa nyumbani mwangu, na pengine macho ya mwanangu yataharibika kweli, na hapo nani atanisamehe? Nikinyamaza, pengine nitamzika. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, kutoka Nyangwe hadi huku kwetu, msiniambie nivumilie, hilo kila mtu amekwisha kuniambia. Siku ile mganga wa malale atamuuliza, naye atajibu hapana kwa sauti safi kabisa, na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yake. Nishaurini, nifanye nini?