Papa Anaclet na Uso wa Kijivu

Ukitaka kuchorwa na Papa Anaclet, usimtumie picha kwenye simu. Wengi wamejaribu. Anaipokea, anaitazama, anaisifu tai yako au kilemba chako, kisha anakujibu kwa heshima zote kwamba yeye huchora watu, na simu si mtu. Njoo ukae. Mazungumzo huishia hapo, maana katika Durban hii nani ana muda wa kukaa?

Alizaliwa Lubumbashi, na huko ndiko alikosomea uchoraji kwa Mfaransa mmoja aliyeitwa Maître Fabien, mzee mkavu aliyevaa koti hata siku ambazo mabati yalikuwa yakichemka juani. Maître alifundisha vile alivyofundishwa Paris, na aliyemfundisha naye alifundishwa vivyo hivyo, kurudi nyuma mpaka enzi za wafalme wao. Mwaka wa kwanza ni mkaa na karatasi tu, unachora vichwa vya plasta mpaka unaviota. Mwaka wa pili unaletewa mtu hai, lakini mkaa ni ule ule. Rangi unaisikia kwa jirani. Wa tatu ndipo unaruhusiwa rangi ya mafuta, na hata hapo huanzi na nyekundu wala buluu. Unachora picha nzima kwa kijivu, mwanga na kivuli, hadi uso usimame wenyewe. Kijivu kikikauka unapitisha rangi juu yake, nyembamba mno, tabaka baada ya tabaka. Na sheria iliyozipita zote ilikuwa hii: kuanzia mkaa hadi tabaka la mwisho, mwenye uso awe amekaa mbele yako.

Wenzake walicheka, wakatoka wakachora twiga na machweo ya kuwauzia wageni. Anaclet akashika sheria. Kuna watu wameumbwa hivyo, ukiwapa sheria wanaioa.

Mambo yalipoharibika nyumbani alikuja Durban na mkewe Henriette, na Durban haikuwa ikimngoja. Alilinda magari ya watu karibu na ufuko, amevaa kizibao kinachong'aa. Aliandika majina ya maduka ya simu ukutani. Watu wakamshauri: chora kwa picha za simu, utakula, mchagua jembe si mkulima. Alisema asante, akaendelea kuchagua jembe. Kila alipopata mtu wa kukaa, mtu huyo hakumaliza. Mwimbaji mwenzake wa kwaya alikaa mara mbili, akapata kazi Johannesburg. Fundi cherehani mmoja wa Kizanzibari kule Chatsworth alikaa vizuri sana hadi kijivu kilipoanza, kisha msimu wa harusi ukaanza na yeye akarudi kwenye cherehani yake. Nyuso nusunusu zilijaa chumbani kwao mtaa wa Point, zimegeuziwa ukuta kama watoto waliokosa adabu.

Usimhurumie lakini. Alikuwa mtu wa raha zake. Alipenda sombe ya mkewe, yaani kisamvu, alipenda besi yake mwenyewe kanisani kuliko walivyoipenda waumini, na kila asubuhi alitembea hadi bandarini kutazama mwanga tu, bure. Kilichomsumbua ni kimoja. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, kidogo, anapoinua kikombe. Alitaka picha moja, moja tu, ya mtu hai aliyekaa mpaka mwisho, ajue kama alichopewa Lubumbashi bado anacho. Mkono ungemwahi, asingejua kamwe.

Hapo akaja Zilpah. Alikuwa Mkenya wa Meru, mwalimu wa chuo kikuu, anaishi Overport, na alikuwa mteja wa Henriette, ambaye ana saluni ya kusuka pale pale Point. Alitaka picha ya kumpelekea mama yake, ya kutundika ukutani, kwa sababu mama amechoka kuwa na binti wa kwenye simu, anayezimika chaji ikiisha. Anaclet alimwambia masharti yake akitarajia jibu lile lile la siku zote. Zilpah akasema atakuja Jumamosi.

Akaja kweli. Walikaa chumba cha nyuma cha saluni, chenye dirisha moja zuri. Jumamosi ya kwanza alikaa na simu mkononi, akajibu wanafunzi, akageuza shingo mara mia. Ya pili, simu ikashuka mapajani. Ya tatu aliitia kwenye mkoba bila kuambiwa. Papa Anaclet alichora kwa kijivu, akiimba besi chini chini, na mkono ulikuwa shwari kabisa. Uso ukasimama. Paji, mfupa wa shavu, ule mkunjo mdogo wa kando ya mdomo ambao Zilpah huuficha kwa kuongea haraka, vyote vilikuwepo.

Na hapo ndipo mzee akakosea. Kwa Maître Fabien, mwanafunzi alipimwa kwa kijivu chake. Picha ikifika hapo walikusanyika darasa zima kuitazama, na aliyesifiwa alitembea wiki nzima kama bwana harusi. Anaclet hakuwa amefikisha kijivu kizuri namna ile tangu ujana wake. Furaha ikampanda kichwani, akaigeuza picha.

"Angalia, Madame! Sasa uko hapa!"

Zilpah alitazama. Akasimama polepole.

"Hii ni nini umefanya, Mzee? Umenichora nikiwa maiti."

"Hapana, hapana, haiko mufu, ni fond tu, ni musingi, rangi itakuja..."

Lakini Zilpah alishachukua mkoba. Alipita katikati ya wateja bila kumuaga mtu, na kutoka dirishani walimwona akivuka barabara robot, taa ya magari, ikiwa nyekundu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Simu hakupokea. Papy, kinyozi wa saluni, kijana wa watu mwenye moyo mwema na akili ya njia za mkato, alikuja na dawa yake.

"Papa, iko na picha yake kwa WhatsApp. Kubwa, clean. Unamalizia na ile, basi. Nani atajua? Sharp?"

Sitakuficha: mzee alijaribiwa. Aliikuza ile picha, akachanganya rangi, akaleta brashi hadi karibu kabisa na shavu. Kwenye simu shavu lile lilikuwa limelainishwa likawa halina mfupa wala miaka. Aliitazama simu, akautazama uso wake wa kijivu, akaona kwamba akitia rangi ile ataua mtu ambaye ameshamfikisha mlangoni mwa uhai. Akamrudishia Papy simu. Usiku huo alikula kidogo, jambo ambalo Henriette hakulizoea.

"Eish, Anaclet," mkewe akamwambia, "miaka yote unalia watu hawakai. Kwa kiti yangu bantu banakaa masaa ine, tano, bila kusimama. Weye unatafuta wapi?"

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, hasa kama mke wa mhunzi ana koleo lake. Henriette akampigia Zilpah yeye mwenyewe, akamwambia kwa uwazi: nywele zako zimefika wakati, njoo nikusuke, na mzee atakuwa hapo na rangi zake. Ukitaka atoke, atatoka.

Zilpah alikuja. Alikaa kitini, akamtazama Anaclet kupitia kioo, na kabla hajaulizwa akasema.

"Mwaka juzi dada yangu Kendi aliaga. Mimi ndiye nilienda mochari kumtambua. Tunafanana sana, Mzee. Ule uso uliochora niliuona huko."

Papy alizima mashine yake. Anaclet alivua kofia.

"Unisamehe, Madame. Kwetu ile kijivu ni mwanzo. Nilisahau kama kwa bengine ni mwisho."

Zilpah akasema: "Iweke hapa nione. Lakini usiniache nayo hivyo."

Basi akaisimamisha picha kando ya kioo, ili aone nyuso zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo Maître Fabien asingeliruhusu hata kwa kuombwa na askofu. Henriette akaanza kusuka, Anaclet akaanza kupaka. Kwanza ujoto wa hudhurungi kwenye paji, mwembamba hadi kijivu kikaonekana chini yake kama mfupa chini ya ngozi. Kisha shavu. Kisha wekundu mdogo kwenye kona ya jicho na kwenye ukingo wa sikio. Alipogusa mdomo, Zilpah alishusha pumzi kwa sauti. Alikuwa akilia, na hakujificha. Henriette alimpangusa kwa upindo wa taulo, akaendelea kusuka.

Tabaka moja halitoshi, na kila moja lazima likauke. Zilpah alirudi Jumamosi baada ya Jumamosi, nywele zikiwa tayari zimesukwa, akakaa kwenye kiti cha mteja akitazama damu ikiingia usoni mwake. Mara moja mkono wa Anaclet ulitetemeka. Alingoja, naye Zilpah akangoja, mkono ukatulia.

Siku moja alasiri alirudi nyuma hatua chache, akatazama, akaweka brashi chini.

"Imeisha," alisema, na ilikuwa imeisha kweli, na ilikuwa nzuri, na alijua ni nzuri. Henriette akapiga kigelegele. Papy akatafuta simu apige picha, akakatazwa kwa jicho.

Zilpah hakunyanyuka. Aliutazama ule uso, mkunjo wa kando ya mdomo ukiwa mahali pake, haujafichwa na kitu.

"Tangu Kendi aende, Mzee, hakuna mtu amekaa akaniangalia hivi. Hata mimi sikuwa nimejiangalia." Akashika mikono ya kiti. "Sasa Jumamosi itakuwaje? Naweza kuja tu?"

Miaka yote Anaclet alitafuta mtu atakayekaa mpaka mwisho, na sasa mwisho umefika na mtu hataki kuondoka.

"Njoo," alisema, na akaenda chumba cha nyuma kuwamba kitambaa kingine cha kuchorea.